Pac-12 iliuawa na tivii, bili wakaletewa warusha tufe

Niseme ukweli, mpira wa Kimarekani umenichukua miaka kuuelewa. Ule wa kofia ngumu na mpira umbo la yai, watu wanagongana sekunde sita halafu wanasimama kupanga tena. Nilianza kuuangalia kazini hapa Kent, kusini ya Seattle, kwa sababu Jumamosi kwenye chumba cha mapumziko hakuna kingine, na kwa sababu ya mzee mmoja ninayepiga naye zamu, mzaliwa wa mashariki ya jimbo hili kwenye mashamba ya ngano, ambaye siku alipojua mimi ni Mkenya hakuniuliza habari za simba. Aliniuliza, "Henry Rono unamjua?"

Namjua bwana! 1978, siku 81, rekodi nne za dunia, na wakati huo jamaa alikuwa mwanafunzi Washington State, chuo kilichoko Pullman, kamji kadogo ambako ukitoka nje ya barabara unaingia kwenye ngano. Mita 5,000 alivunja pale Berkeley, 13:08.4, mwezi uliofuata akavunja ya kuruka viunzi na maji hapa hapa Seattle, 8:05.4, ndipo akaenda Ulaya kumalizia mbili zilizobaki. Na hakuwa peke yake. Samson Kimobwa alikuwa Pullman alipovunja ya 10,000 mwaka 1977, wakaja Julius Korir aliyebeba dhahabu Los Angeles 1984, Peter Koech, baadaye Bernard Lagat. Yaani kale kamji kamelea Wakenya kuliko baadhi ya kaunti zetu, hahaha.

Shika hapo, tutarudi.

Vyuo vya huku havichezi ligi moja ya nchi nzima. Vimejigawa kwa makundi yanaitwa konferensi, kila kundi na ratiba yake, ubingwa wake na, hapa ndipo penye sumu, mkataba wake wa tivii. Kundi la magharibi lilikuwa Pac-12, mizizi yake ni ya 1915, majirani wanaojuana na kuchukiana vizuri kabisa. Juni 30, 2022 USC na UCLA za Los Angeles wakatangaza wanahamia Big Ten, ligi ya kina Ohio na Michigan, na hata miezi miwili haijaisha Big Ten wakatangaza mkataba wa miaka saba na Fox, CBS na NBC, zaidi ya dola bilioni 7. Sasa wewe uliyebaki unafanyaje? Julai 2023 Colorado akabeba mizigo. Agosti 4, siku moja tu, wakaondoka watano: Oregon na Washington kwenda Big Ten, Utah na wale wawili wa Arizona kwenda Big 12. Pac-12 walikuwa na ofa ya Apple mezani, lakini kiasi kikubwa cha pesa kilitegemea watu wangapi watalipia kuangalia, watu wakaona hii ni bahati nasibu, kila mtu na njia yake. Septemba Stanford na Cal, yaani chuo cha Berkeley, wakaingia ACC, ligi ya pwani ya mashariki. Ile A ni ya Atlantiki. Berkeley iko Pasifiki. Sitanii. Na Big Ten sasa ina vyuo 18, Big 12 ina 16, hizo hesabu waulizwe wenyewe maana wao ndio wana maprofesa.

Wakabaki wawili, Washington State wa Pullman na Oregon State wa Corvallis. Sio kwamba walikuwa vibonde, la. Pullman na Corvallis ni miji midogo, na tivii haihesabu vikombe, inahesabu nyumba zenye tivii.

Mnakumbuka ile Super League ya Ulaya 2021, vilabu 12 vikubwa vinataka kujitenga, mashabiki wa Chelsea wakajaa barabarani na baada ya siku mbili mambo yakaporomoka? Huku hakuna aliyeziba barabara. Nadhani ni kwa sababu kila shabiki alikuwa anaombea chuo chake kiwe kati ya vitakavyochukuliwa, na ukishaanza kuomba hivyo huwezi kumtetea jirani.

Hao wawili hawakulia tu lakini. Walienda mahakamani, mahakama ya kaunti huko Colfax karibu na Pullman, wakashinda, wakabaki na usimamizi wa ligi na hela zilizobaki kwenye chungu. Safi sana, ile niliifurahia. Ila hela ya mara moja sio mshahara. 2024 iliwabidi walipe dola milioni 14 kwa ligi nyingine ya huku, Mountain West, ili tu wapate wa kucheza nao, na 2025 ratiba ilikuwa kavu mpaka wakacheza wao kwa wao mara mbili ndani ya mwezi mmoja.

Na wachezaji wanaondoka. Sheria za kuhama zimelegezwa, ni kama dirisha la usajili lisilo na kitasa, na hela za kulipa wachezaji sasa ni halali. Cam Ward, quarterback, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, alitoka chuo kidogo cha Texas akaiva Pullman, akaenda Miami, 2025 akawa mtu wa kwanza kuchaguliwa kwenda kucheza kulipwa. Aliyemfuatia kuwika nafasi hiyo hiyo, John Mateer, akaenda Oklahoma. Kocha Dickert akaenda Wake Forest, aliyeletwa akakaa msimu mmoja naye huyo, Iowa State. Pullman pamekuwa kitalu cha miche, wewe unamwagilia halafu anakuja mwenye shamba kubwa anang'oa. Siwalaumu vijana, mimi mwenyewe nimebadilisha kazi kwa sababu ya dola mbili kwa saa, nitamwambia nini mtoto anayeahidiwa mamilioni?

Lakini hayo ya mpira kila mtu anayaandika. Kilichoniuma mimi ni Juni 2025, Washington State walipotangaza wanapunguza riadha: kurusha na kuruka kumefutwa, mbio fupi zimekatwakatwa, zimebaki mbio ndefu. Kuna mtu aliniambia sasa wewe Mkenya unalalamika nini na mbio ndefu ndizo zenu? Jamani. Timu ya riadha bila mrusha tufe wala mruka juu ni kama harusi yenye spika bila chakula, huwezi kushinda ubingwa wa timu hata ulete kina Rono watano. Na huyo binti wa kurusha mkuki hakuwepo kwenye kikao chochote cha tivii, hakuna aliyewahi kulipia Apple ili amwone yeye, lakini ndiye aliyetolewa. Rono mwenyewe alifariki Nairobi Februari 2024, miezi michache kabla Pac-12 ya zamani haijafunga duka, kwa hiyo hili la riadha hakuliona.

Kuna kichekesho kimoja. UCLA na Cal ni mali ya mfumo mmoja wa serikali ya California, sasa UCLA alipoondoka akamwacha nduguye pabaya, wakubwa wakaamua amlipe dola milioni 10 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Matunzo ya talaka kabisa! Pullman na Corvallis hakuna aliyewaambia watalipwa matunzo.

Na nisiwafanye malaika. Septemba 2024 hao hao wawili walioachwa wakaivamia Mountain West, ile ile iliyowapa mechi, wakachukua Boise State, Fresno State, San Diego State na Colorado State, baadaye na Utah State, waje kuifufua Pac-12 kuanzia 2026. Nilishindwa kuwashangilia. Sasa kuna Wyoming na Nevada walioachwa huko Mountain West, wanajisikia vile Pullman ilivyojisikia Agosti 2023.

Mimi nasema mpira peke yake uachwe uende na tivii inakotaka, kama ni Ohio kama ni mwezini, ila wanariadha, waogeleaji, mabinti wa voliboli warudi kucheza na majirani. Mrusha tufe wa Berkeley hana sababu ya kupanda ndege mpaka North Carolina kwenye ubingwa wa ligi wakati Oregon iko pale juu tu. Nilimweleza mzee wangu haya akacheka, akasema kwanza nisubiri siku Texas State, nao wameingia kwenye Pac-12 mpya, watakapotua Pullman wakutane na theluji ya Novemba.