Barambah: Eneo Bunge Lililobeba Lawama za Ramani

Kila historia ya uchaguzi ya Queensland, nchini Australia, inapozungumzwa, eneo bunge la Barambah hutajwa kama mfano wa demokrasia iliyopindwa. Lilianzishwa mwaka 1950, likafutwa mwaka 2001, na kwa miaka 37 ya mwanzo mbunge wake alikuwa mtu mmoja tu: Joh Bjelke-Petersen, mkulima wa karanga kutoka Kingaroy aliyekuwa waziri mkuu wa Queensland tangu Agosti 1968 hadi Desemba 1987. Wengi huhitimisha kwamba alidumu kwa sababu mipaka ilichorwa kumfaa, na kwamba wapiga kura wake walikuwa wasindikizaji. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ina uzito. Ya pili haiwatendei haki watu wa Barambah.

Uzito wa sehemu ya kwanza usipuuzwe. Queensland iligawanywa katika kanda, na eneo bunge la mashambani lilihitaji wapiga kura wachache kuliko la Brisbane ili lipate mbunge. Baraza la juu lilikwisha kufutwa mwaka 1922, kwa hiyo aliyeshika bunge hilo moja alishika kila kitu. Tume ya Tony Fitzgerald, iliyofanya kazi kati ya 1987 na 1989, ilifichua rushwa iliyofika hadi kwa kamishna wa polisi, Terry Lewis, ambaye baadaye alifungwa. Hakuna mtu makini anayeweza kudai kwamba kutokuwapo kwa hofu ya kushindwa hakukuchangia uozo huo.

Lakini mfumo wa kanda haukuzaliwa Kingaroy. Uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1949 na serikali ya chama cha Labor chini ya Ned Hanlon, wakati ambapo machimbo na mashamba ya kondoo ya magharibi yalikuwa ngome za chama hicho. Labor ilipogawanyika na kuanguka mwaka 1957, wapinzani wake walirithi chombo kilichokwisha kutengenezwa, wakakinoa kwa faida yao.

Takwimu inayorudiwa kuliko zote ni ya mwaka 1972, nayo inastahili kuchambuliwa kwa subira. Chama cha Country, cha Bjelke-Petersen, kilipata asilimia 20 ya kura na viti 26 kati ya 82. Labor ilipata karibu asilimia 47 na viti 33. Hesabu hiyo ikiwekwa hivyo, wizi unaonekana dhahiri. Tatizo ni kwamba chama cha Country hakikusimamisha wagombea kila mahali, kwa kuwa kilikuwa katika muungano na chama cha Liberal, na vyama hivyo viwili kwa pamoja vilikuwa na asilimia 42 hivi. Kulikuwa pia na chama cha DLP, kilichojitenga na Labor, ambacho kilipata takribani asilimia 8, na wapiga kura wake, katika mfumo ambao mpiga kura huwapanga wagombea kwa mfuatano wa kupendelea, kwa desturi waliupa muungano huo chaguo lao la pili. Ukijumlisha yote, pande mbili kuu zilikaribiana kuliko takwimu ile maarufu inavyoonyesha. Aliyeumia waziwazi zaidi alikuwa mshirika mwenyewe: Liberal walipata asilimia 22, yaani kura nyingi kuliko Country, wakaambulia viti 21 na kubaki mshirika mdogo ndani ya serikali. Na mwaka 1989, kabla ya kanda kuondolewa, Labor ya Wayne Goss ilishinda viti 54 kati ya 89 kwa zaidi kidogo ya nusu ya kura. Ramani ile iliinamisha uwanja, wala haikuufunga.

Ndani ya Barambah kwenyewe, swali ni tofauti kabisa. Kanda iliongeza uzito wa kura za eneo hilo bungeni. Haikuweza kuamua nani ashinde ndani yake. Queensland imelazimisha raia kupiga kura tangu 1915, kwa hiyo hatuzungumzii ushindi wa wachache waliojitokeza. Watu wa Kingaroy, Wondai na Murgon walimchagua mtu waliyemfahamu: aliyefyeka misitu ya vichaka kwa mnyororo mzito uliokokotwa na matrekta mawili, na aliyejua bei ya karanga ilimaanisha nini kwa nyumba yenye deni. Unaweza kukataa siasa zake, kama ninavyozikataa nyingi, bila kukana kwamba walikuwa na sababu zao.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulikuja alipoondoka. Katika uchaguzi mdogo wa Aprili 1988, chama cha National, jina jipya la Country, kilimsimamisha Warren Truss, ambaye miaka mingi baadaye angekuwa naibu waziri mkuu wa Australia. Ngome hiyo ilimkataa, ikamchagua Trevor Perrett wa kikundi kidogo kiitwacho Citizens Electoral Council. Perrett alihamia National muda si mrefu baadaye, akashika kiti kwa karibu miaka 10, akawa hata waziri. Mwaka 1998 wapiga kura walewale wakamwangusha na kumpeleka bungeni Dorothy Pratt wa chama cha One Nation. Eneo lilipofutwa na eneo bunge la Nanango kurudishwa mahali pake, Pratt alishinda huko mwaka 2001 akiwa mgombea binafsi, akaendelea hadi alipostaafu mwaka 2012. Watu waliowahi kukiadhibu chama chao mara mbili katika miaka 10 si mali ya chama.

Dhuluma kubwa zaidi ndani ya eneo hilo hutajwa mara chache. Karibu na Murgon yapo makazi ya Waaborijini ya Cherbourg, ambayo zamani yaliitwa Barambah. Queensland ilikuwa ya mwisho kati ya majimbo ya Australia kuwapa Waaborijini haki kamili ya kupiga kura, mwaka 1965. Kwa miaka 15 basi eneo bunge lilibeba jina la makazi yao huku wao wakiwekwa nje ya kituo cha kura. Anayetaka kuishtaki historia ya Barambah aanzie hapo, kabla ya kuhesabu viti vya 1972.

Mageuzi yaliyofuata ripoti ya Fitzgerald yalisawazisha idadi ya wapiga kura kuanzia uchaguzi wa 1992, yakabakiza nafuu kwa maeneo matano makubwa mno, yale yanayozidi kilomita za mraba 100,000. Barambah haikuwa miongoni mwao, na kwa haki: Kingaroy iko kilomita 200 na kitu tu kutoka Brisbane, na hoja ya umbali haikuwahi kuwa yake. Hata hivyo, chini ya mipaka hiyo ya usawa, mwaka 1992 na 1995 Barambah ilimrudisha Perrett wa National.