Kuku wa Volti 5

Simu ya bosi iliingia saa 11 alfajiri, na bosi akipiga saa hizo huwa hasalimii. "Kijiko kimegoma tena. Panda basi."

Kijiko chenyewe, ile mashine ya kuchimbia, ya tani 20, kilikuwa kwenye shimo la kifusi jirani na Ruaha Mbuyuni, pale barabara ya Iringa inapopita kwenye joto, vitunguu na mibuyu. Ugonjwa wake nilikuwa nimeshausikia kwa simu: injini inanguruma vizuri, ghafla inashuka yenyewe mpaka sailensa, ile ngurumo ya chini kabisa ya kutokanyaga mafuta, mkono unanyanyuka kizee, skrini inajaa kodi za hitilafu. Baada ya muda kinapona bila dawa. Mafundi umeme tunaogopa hitilafu ya namna hii kuliko mashine iliyokufa kabisa. Iliyokufa unaifungua. Hii inapiga hodi na kukimbia.

Nilifika saa 7 mchana. Opereta akanipokea kwa meno yote nje: "Karibu fundi, leo kinachapa kazi kama kipya!" Ndiyo kawaida yao, mashine ikiona begi la fundi inapona. Nikapanda kwenye kebini. Simu yangu ilikuwa na asilimia 9, maana kutoka Morogoro nilikuwa natazama mpira wa juzi. Nikaona waya wa chaja umening'inia pembeni ya kiti, nikachomeka. Tandiboi akatabasamu. Nikadhani ni ukarimu.

Hazikupita dakika mbili, injini ikashuka. Moyoni nikashangilia, mgonjwa kakohoa mbele ya daktari! Kodi zilikuwa tatu kwa mpigo: sensa mbili, yaani vipimaji, za presha ya pampu, na kile kidude cha kuzungusha cha kuongeza resi. Zote zinalia kitu kimoja, volti iko chini.

Hapa ndipo wengi hununua sensa tatu na kumfilisi tajiri. Mimi si wa hivyo. Watu watatu wakiharisha siku moja, huulizi matumbo yao, unauliza walikula wapi. Sensa hizi hazili volti 24 za betri, zinalishwa volti 5 na kontrola, ile kompyuta ya mashine, na kwenye mashine ile zote tatu zilikuwa zinachangia sahani moja. Nikachomoa soketi ya sensa ya pampu, nikapima: 3.6. Sahani ina mdokozi. Nikachomoa sensa moja baada ya nyingine nimjue ni nani. Zote nje, mita bado 3.6. Nikafuata waya kwa waya, nikapasua tepu, nikatafuta meno ya panya. Saa mbili zikakatika, mgongo umelowa, sijaona kitu.

Nikachomoa simu, asilimia 12 tu, nikampigia bosi. "Kontrola imekufa." Akataja bei, tukanyamaza wote wawili kama tuko msibani. Kurudi kwenye mita: 5.0 kamili. Opereta anapiga resi, kijiko kinanguruma. Nikarudisha simu kwenye chaja ili nifikiri kwa utulivu. 3.6.

Cheka tu. Wewe hukuwa kwenye jua lile.

Sasa akaja mzee mlinzi, kajifunika koti la mvua katika joto lile. "Mwanangu, mmekata mzizi wa mbuyu ule pale. Mliomba?" Nikamjibu kwa adabu kwamba nina cheti cha VETA, na kwamba umeme hauna mizimu, shikamoo yake iko palepale. Opereta alikuwa ameshatuma mtu wa kuku.

Kuku akaletwa, mwekundu, ana kelele. Nikachomoa simu nirekodi, maana karakana wasingeniamini. Mzee akasema maneno yake, kisu kikapita, damu ikadondoka kwenye cheni. Opereta akawasha. Kijiko kikainua mkono kama kimeitwa jina darasani! Watu wakashangilia. Mzee akanitazama, hakusema kitu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikarekodi dakika 10 nzima za aibu yangu, simu ikabaki na asilimia 8. Nikairudisha kwenye chaja.

Injini ikashuka.

"Kuku alikuwa mdogo," akasema mzee.

Ila mimi nilikuwa nautazama mkono wangu, bado umeshika ule waya. Nikachomoa. Ngurumo. Nikachomeka. Sailensa. Nikaufuata: unapita chini ya zulia, unaingia kwenye boksi la kulia la opereta. Nikafungua skrubu nne. Waya wa volti 5 wa kile kidude cha resi ulikuwa umemenywa vizuri, ukasokotwa na wa chaja, ukavikwa tepu. Kazi safi kabisa. Simu moja ilikuwa inavuta umeme kuliko ukoo mzima wa sensa.

"Nani kakufundisha?" nikamkaripia tandiboi.

"Si wewe, fundi?"

Nikakumbuka. Mwezi uliopita nilikuja kwa ajili ya betri, nikawa natamba na mita mbele yake: "Ukigusa hapa, volti 24, kwaheri simu yako. Lakini huu hapa, volti 5, sawasawa na chaja." Nilisema kwa mdomo wangu, tena nikarudia ili aelewe.

Nikakata, nikafunga tepu, nikawahi kumzuia bosi asilipie kontrola. Aliuliza ilikuwa nini. Nikasema kuna waya ulikuwa umegusana na waya, jambo ambalo si uongo.

Jioni kuku akaliwa, kwa vitunguu vya palepale. Firigisi akapewa mzee mlinzi, kwa kuwa ndiye aliyetengeneza mashine. Mimi nikapewa shingo. Nilitaka kuwaonyesha ile video niwaeleze vizuri, lakini simu ilikuwa imeshazima.