Na Hilo Gitaa Lina Faida Gani?

Ukitaka kuishi kwa amani Mabatini, hapa Mwanza, fuga kuku. Ukifuga kuku hakuna mtu atakuuliza swali. Lakini jaribu kupiga magoti barazani kwako Jumapili mchana, unasugua ubao kwa msasa, ndiyo utajua una majirani wangapi. Wa kwanza atauliza, "Hiyo inakuwa nini?" Ukijibu gitaa, linakuja la pili: "Utaliuza shilingi ngapi?" Ukisema huliuzi, ni la kupiga mwenyewe, hapo mtu anatafuta jiwe anakaa kabisa. Na mawe ya kukalia huku kwetu hayajawahi kuadimika.

"Sasa lina faida gani?"

Mimi nauza saruji na misumari kwenye duka la mtu pale Buzuruga. Jumamosi jioni tunakutana watu wanne, mmoja kinyozi, mmoja mwalimu, mmoja dereva wa hiace za Igoma, tunajipigia rumba na nyimbo za dansi za zamani. Gitaa la umeme nililokuwa naazima lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ameokoka, kalipeleka kanisani. Nikaenda mjini kuulizia jipya. Nilipotajiwa bei nilitoka dukani bila kuaga. Njiani nikajiambia, ah, kwani gitaa si ubao na nyuzi?

Mama Kulwa nilimwandaa kwa historia. Nikamwambia Brian May, mpiga gitaa wa Queen, ile bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, gitaa lake aliliunda mwenyewe nyumbani. Walianza mwaka 1963, yeye na baba yake. Shingo waliichonga kutoka kwenye mbao kuukuu ya juu ya meko ya kuotea moto, springi wakatoa kwenye pikipiki, alama nyeupe za shingoni wakatengeneza kwa vifungo vya lulu vya mama yake. Nikadhani nimemgusa moyo. Kesho yake kopo lake la vifungo vya kushonea likahamia kwa mama jirani.

Mbao nikanunua ya mninga. Maseremala wa vitanda hawakunielewa, kila mmoja anataka kuniwekea na droo, basi nikaipeleka Kirumba kwa fundi mitumbwi. Yule mzee mkono wake unajua kuchonga kitu chenye kiuno. Akautazama mchoro wangu muda mrefu.

"Ng'wanawane, hii itaelea?"

"Hapana mzee, ni gitaa."

"Hakuna mbao ya mninga itakayonizamia mimi," akasema, akaendelea na kazi.

Alichonga vizuri, siwezi kumsema vibaya. Tatizo ni lile shimo la kupitisha nyaya. Nilimwelekeza mwenyewe na akalichimba mwenyewe. Niliporudi baada ya siku mbili nikakuta amelijaza pamba iliyoloweshwa mafuta, ameishindilia kwa patasi mpaka imekuwa jiwe. "Kulikuwa na tundu," akaniambia kwa huruma. "Lingeua watu." Nilikaa jioni nzima naichokoa ile pamba kwa msumari wa inchi nne.

Shingo nayo ina mambo yake. Nyuzi sita za gitaa la umeme zikishakazwa zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 40. Mimi muuza saruji naelewa hesabu hiyo: ni kama umening'iniza mfuko mzima kwenye kijiti, unataka kijiti kinyooke. Ndiyo maana wenye viwanda hupitisha fimbo ya chuma ndani ya shingo, yenye nati ya kukazia. Mimi nikapitisha nondo. Nondo ni kitu nilicho nacho.

Halafu kuna freti, vile vichuma vinavyokatiza shingo. Mnadhani vinapangwa kwa macho? Kipimo kimoja kinachotumika sana, kutoka juu ya shingo mpaka kwenye daraja la nyuzi, ni milimita 648. Unagawanya kwa 17.817, unapata 36.4, hapo ndipo freti ya kwanza. Kinachobaki unakigawanya tena kwa 17.817, unapata ya pili, na kuendelea hivyo mpaka macho yakuume. Ukifika ya 12 lazima uwe katikati kabisa, milimita 324. Nilikesha na simu yenye kikokotoo. Nikapima freti zote kwa futi ya kushonea ya Mama Kulwa. Daraja nikalipima dukani, kwa futi ya chuma.

Ile futi ya nguo ina umri kuliko ndoa yetu, na kama ndoa yetu, imevutika. Freti ya 12 ikaangukia milimita 331. Ukipiga uzi mtupu, sauti safi, ukibana, mbuzi. Nilitaka kulichoma moto. Yule mwalimu ndiye aliyetuliza akili: kama futi imevutika sawasawa, freti zimekosea kwa uwiano uleule, shida ni daraja tu. Tukalisogeza nyuma milimita 14. Likakubali! Kwa hiyo ninalo gitaa la milimita 662, kipimo cha futi ya Mama Kulwa.

Sasa kosa langu kubwa: siku moja nikiwa nakula nilisema kwa sauti, "Hapa bado pikapu mbili tu."

Kijiko kikatua. "Pikapu mbili, Baba Kulwa? Wewe hata baiskeli huna."

Nikaeleza kwamba pikapu ya gitaa ni kidude tu, sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya, unakwenda kwenye amplifaya. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Na hizo pikapu zitabeba nini?"

Waya nikafumua kwenye tansifoma za redio mbovu. Inatakiwa mizunguko maelfu, nami nikaona cherehani ya nani ile, ina kile kigurudumu cha kujazia uzi. Ila koili ikiwa moja inanasa mvumo wa umeme wa nyumbani, ule wa mara 50 kwa sekunde, spika inaunguruma kama mashine ya kusaga. Dawa yake aliitengeneza Seth Lover wa Gibson mwaka 1955: koili mbili zinazofanya kazi kinyume, sumaku zake nazo zimegeuziana, mvumo unajifuta, muziki unabaki. Koili pacha. Na mimi nina Kulwa na Doto! Nikaona Mungu amepanga. Kulwa akahesabu mizunguko 5,000 ya koili yake bila kupepesa. Doto akafika 2,000, akaitwa kula ugali, akarudi akaanzia 4,000. Nimelijua hilo juzi tu. Ndiyo maana gitaa langu mvumo umepungua, haujaisha.

Ukishamaliza kuzungusha, koili inachovywa kwenye nta iliyoyeyushwa, sufuria ndani ya sufuria, ili nyaya zishikane zisitikisike. Zikitikisika, gitaa linapiga kelele lenyewe. Nikanunua pakiti mbili za mishumaa. Wiki hiyohiyo umeme ukawa unakatika kila jioni, na nyumba yangu ina mwanamke anayeshona sare za shule. Nilikuta vitako vitatu vya mishumaa. Nikasema basi, liende bila nta.

Katika yote haya, mwenye maswali kuliko wote ni mzee wa nyumba ya juu, mvuvi mstaafu. Siku hizi ana bustani ya mahindi na kabichi kando ya ziwa, Luchelele, na kila akipita kwangu ni malalamiko ya viboko. Wanatoka majini usiku, wanakula, wanakanyaga, wanarudi kulala. Amewapigia madebe, amewasha moto, wanamtazama tu. Akimaliza viboko anageukia gitaa: lina faida gani? Moyo wake mzuri lakini. Aliposikia nyuzi ni ghali aliniletea bunda zima la mshipi wa nailoni, imara, wa kuvulia sangara. Nikaufunga kwa heshima yake. Kimya. Sumaku haina habari na nailoni, inataka chuma. Akaondoka akiamini nimeharibu mshipi wake.

Jumamosi iliyopita likawa tayari. Baraza ikajaa, na mawe yote. Nikachomeka waya, nikafungulia sauti mpaka mwisho, nikaweka vidole, nikavuta pumzi. Umeme ukakatika.

Watu walicheka mpaka wakatawanyika. Nikaliegemeza gitaa kwenye spika, nikaingia kulala bila kumsalimia mtu.

Umeme ulirudi saa tisa usiku.

Wanaojua watakuwa wameshaelewa. Spika inatikisa gitaa, pikapu isiyo na nta inapokea, amplifaya inakuza, spika inatikisa zaidi. Haikuwa sauti ya gitaa. Ilikuwa kama filimbi ya meli iliyokanyagwa mkia. Ikagonga mawe ya kilima hiki, ikarudi, ikagonga ya kilima cha pili. Mbwa wote wakajibu. Watu wakatoka na marungu, mmoja anasema ni fisi, mwenzake anamkatalia, anasema ni fisi aliyepandwa. Mimi natafuta swichi gizani, nimevaa khanga ya mke wangu. Mjumbe wa mtaa akanimulika tochi, akanitazama, akaizima.

Asubuhi nikamwona yule mzee anashuka. Nikajua nimekwisha.

"Shikamoo mzee. Ile kelele ya jana, nisamehe sana."

"Marahaba." Akakaa kwenye jiwe lake. "Ile sauti ilitoka kwenye hili gitaa?"

"Ndiyo mzee."

"Lilikuwa linajipiga lenyewe? Hakuna mtu anayelishika?"

"Ndiyo mzee."

Akalizunguka, akaligusa shingo, akaitazama nondo. "Na kwa betri ya gari linaweza kulia hivyo mpaka asubuhi?"

Sikuelewa. Mama Kulwa, aliyekuwa ndani na cherehani yake, alielewa kabla yangu.

"Laki tatu, mzee," akajibu dirishani. "Na pikapu zake mbili zimo."