Tulimpeleka Mtoto Kasapa

Kifungua mimba wangu alipofaulu mtihani wa serikali kwa asilimia 68, baba yake alikuwa kazini Kolwezi, huku kwetu kusini mwa Kongo. Nikasema basi, nitampeleka Lubumbashi mwenyewe kuanza chuo kikuu. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, akang'aka. Mwanamke atoke Likasi peke yake na godoro, wanaume wa ukoo wamekaa tu wanakunywa munkoyo? Isitoshe, Lubumbashi anaijua yeye. Aliwahi kukaa huko, zamani, enzi ambazo hakuna mtu aliyebaki wa kumpinga.

Mizigo ilikuwa godoro lililofungwa kamba, mbabula ya kupikia kwa makaa, unga, kapenta, sabuni, na bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, nililolifunika kwa kitambaa. Mtoto alivaa suti nyeusi ya baba yake. Macho yalikuwa mekundu, kwa sababu kuna mtu alimwacha Likasi ambaye mimi najifanya simjui.

Tuliposhuka kwenye basi, shemeji akasimamisha teksi, akaketi mbele, akatuonya tusimwingilie, kisha akatamka neno moja kama mkurugenzi: "Kasapa."

Kwa asiyeujua mji ule: Kasapa kuna kampasi ya chuo kikuu, na Kasapa hiyohiyo kuna gereza kuu. Watu huziita zote Kasapa tu. Dereva alitutazama kwenye kioo. Mama na bakuli, kijana wa suti nyeusi na macho mekundu, godoro. Akapiga hesabu yake.

"Pole, mama."

Nikashukuru. Nilidhani ni pole ya vumbi la njiani.

"Balimupa miaka ngapi?"

"Mitatu," nikasema. "Lakini akifanya vizuri, wanamwongezea miwili."

Gari liliyumba kidogo. "Akifanya vizuri?"

"Ndiyo. Na wale wenye akili sana hawaachiwi kabisa. Wanabakishwa mlemle."

Dereva akameza mate. Akauliza kwa sauti ya chini ni mambo gani hasa. Nikamjibu ni mambo ya sheria.

"Eeh. Sheria njo inamaliza batoto."

Shemeji naye hakuweza kukaa kimya. Akasema ujanani alitamani sana kuingia mle, hakubahatika.

"Papa, Mungu alikupenda," dereva akamwambia.

Shemeji hakulielewa jibu hilo, lakini kutoelewa hakujawahi kumzuia kuendelea. Akatoa historia yote: kwamba Wabelgiji waliifungua mwaka 1956, mji ukiitwa Élisabethville; kwamba mwaka 1971 Mobutu alizichukua zote tatu za nchi akaziweka chini ya uongozi mmoja; kwamba mwaka 1981 zikatenganishwa tena.

"Na bado inajaa," dereva akasikitika.

"Kila mwaka!" shemeji akasema kwa fahari. "Mawaziri wangapi wametoka mle!"

"Na bengine banaingia, papa."

"Vizuri. Kujifunza hakuna mwisho."

Tulipofika, dereva alikataa nauli nzima. Akaturudishia nusu, akamshika mwanangu begani na kumwambia asikae karibu na watu wabaya.

Mbele ya geti kulikuwa na foleni ya akina mama, kila mmoja na bakuli kama langu. Shemeji akanigusa kiwiko. "Unaona wazazi wa huku wanavyojali masomo?" Akaipita foleni yote hadi kwa askari.

"Munaleta chakula?"

"Tunaleta mtu. Mpya kabisa, bleu."

Askari akaitazama ile suti, akaomba karatasi. Shemeji akamkabidhi, kwa mikono miwili, diploma na barua ya kukubaliwa. Askari akasoma. Akasoma tena. Akamwita mwenzake, naye akasoma akiwa ameziba mdomo.

"Papa," akasema taratibu, maana alikuwa mtu mwenye adabu, "hii asilimia 68 huku hatuidai. Huku mtu anaingia hata na sifuri."

Foleni nzima iliangua kicheko. Mama mmoja akanibana mkono: "Ondoka naye upesi, dada, wasije wakakumbuka kitu!" Mwanangu, kumbe, alikuwa ameshang'amua zamani. Nilipomuuliza mbona hukusema, akanijibu, "Si baba mkubwa alisema tusimwingilie?"

Na shemeji? Alivua kofia, akaifuta, akaivaa tena. "Najua tulipo," akamwambia askari. "Nilitaka aanze kwa kuona mwanasheria mzembe anawapeleka wapi wateja wake." Askari akampigia saluti. Mpaka leo shemeji anaamini ile saluti ilikuwa ya kweli.

Kampasi tulifika jua limeshaanza kushuka. Wanafunzi wakongwe, wale wanaojiita poil, walikuwa wamejipanga kuwasumbua bleu mmoja mmoja. Wakamuuliza huyu wangu mbona amechelewa. Hajui kusema uongo. "Nilipitia gerezani," akasema. Wakatazamana. Godoro lilibebwa na poil wawili hadi mlangoni, na jina la Mtoro likamshika tangu saa ile.

Shida ilinisubiri nyumbani. Shemeji alikuwa amepiga simu Likasi kutoa taarifa, kwa ufupi wake uleule: "Mtoto tumemfikisha Kasapa." Niliporudi niliwakuta akina mama wa kanisa kwenye mikeka uani, wengine wameshika tama, na pembeni katoni nzima ya sabuni. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Wachache walinisadiki. Sabuni hakuna aliyeidai. Mchungaji akasema, kwa usalama, jina la kijana libaki kwenye maombi ya wafungwa mpaka siku atakayotoka. Akauliza atatoka lini.

"Miaka mitatu," shemeji akadakia kabla sijafungua mdomo. "Lakini akifanya vizuri, wanamwongezea."