Inzi Wangu wa Jicho la Kushoto

Jamani, nimepata mgeni. Hakubisha hodi, hali, halali, na nauli ya kurudi kwao haombi. Ni inzi. Anakaa jicho la kushoto, upande wa puani. Nikitazama juu anapaa, nikitazama chini anateremka nami taratibu, kama mzee anayeshuka ngazi huku akishika ukuta. Nikisema leo nimkazie macho yeye mwenyewe, anakwepa pembeni kama mdeni wangu nikikutana naye gengeni.

Siku za mwanzo nilipigana naye. Nimezaba ukuta makofi, nimerusha kandambili nusura ivunje runinga. Mama Zuhura alinitazama siku tatu kimya, ya nne akauliza, "Baba Zuhura, unagombana na nani?" Nikamwambia inzi. Akaangaza chumba kizima. "Inzi yupi?" Kufika jioni mtaa mzima unajua mzee ana majini.

Ningevumilia, ila likaja suala la posa. Binti wa kaka yangu amepata mchumba, na kaka akanikalisha mbele kuwa msemaji wa familia, eti kwa sababu nina mvi zenye heshima. Mshenga akakohoa, akasalimia mara mbili, akataja milioni moja na nusu. Sasa sijui inzi na yeye alikuwa anasikiliza, maana palepale akakatiza. Nikapunga mkono: shii! Mkeka mzima ukanyamaza. Mshenga akameza mate, akanong'onezana na wenzake. "Tumekusikia, mzee wetu. Tunaongeza laki mbili." Nikafungua mdomo nieleze, inzi akarudi. Nikapunga tena. Laki tatu juu yake.

Kaka alikuwa ananifinya paja, sijui nisimame au niendelee.

Halafu yakaanza machozi. Macho yangu siku hizi yanawasha kama mtu kayamwagia mchanga wa ujenzi, kisha yanafunguka yenyewe, chururu, hadi kwenye ndevu. Wageni wakaona baba mdogo analia kwa ajili ya binti. Shangazi wa bwana harusi naye akaangua kilio. Tukala pilau na macho mekundu, milioni mbili mkobani.

Hapo nikasema hapana, nakwenda kwa daktari wa macho, kabla sijaoza binti wa watu wengine.

Daktari mwenyewe ni binti mdogo, makamo ya kitinda mimba wangu. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu." Akanisimamisha mbali na lile bango la herufi E, niseme miguu inatazama wapi. Mstari wa chini nilikuwa nimeukariri nikiwa kwenye foleni, nikautiririsha bila kosa. Akanitazama, akanitazama tena, akasema, "Babu, nilikuwa bado nimekuziba macho yote mawili." Tukaanza upya kwa uaminifu.

Akamulika, akachungulia, akatoa hukumu ya kwanza: "Macho yako ni makavu." Nikamtolea leso. Inakamulika! Akacheka. Anasema umri ukienda, machozi mazuri ya kulainisha jicho yanapungua au yanakauka upesi. Jicho likishawashwa linapiga mayowe, yanakuja machozi ya dharura, maji matupu, yanakimbilia shavuni bila kulainisha chochote. Hapo nikamwelewa vizuri sana, kwa sababu ndiyo habari ya bomba la mtaani kwetu: wiki nzima ndoo zimepanga foleni, na siku maji yakitoka yanatoka barabarani, pale lilipopasuka.

"Na inzi?"

Kumbe ndani ya jicho umejaa ute, kama wa yai bichi. Uzee ukiingia ute unasinyaa na kujikunja, na vile vikunjo vinatupa kivuli kwenye retina, kule nyuma ya jicho. Yaani nimekuwa nikirushia kivuli kandambili! "Wengi wa rika lako wanaye," akasema. Nikauliza tunamtoa lini. "Hatumtoi, babu. Utamzoea." Daladala mbili, foleni tangu alfajiri, na dawa ni kuzoeana. Hiyo si ndiyo dawa niliyopewa kwenye ndoa?

Lakini akaacha kucheka, akanishika mkono. Wakija wengi kwa mpigo kama masizi, ukaona mwako kama wa radi, au kivuli kinashuka pembeni kama pazia, usingoje kesho. Njoo siku hiyohiyo, maana huenda retina inabanduka, na mtu anaweza kupofuka. Nikamwambia arudie, nikarudia naye.

Tatizo ni yale matone aliyonitia kwanza ili mboni zipanuke achungulie vizuri. Hakuna aliyenionya nije na mtu! Kutoka nje saa saba mchana, jua la Dar likaniingia mzimamzima. Niliipokea shikamoo ya mti. Nilimwamkia mtoto wa shule, akaniitikia marahaba kwa sauti nzito, mshenzi yule. Kituoni kondakta anaita Rangi Tatu, mimi naona rangi moja tu, nyeupe, nikapanda la mbele yangu. Nimeshtuka niko Gongo la Mboto.

Nyumbani nilifika magharibi, nimechoka, nikamweleza Mama Zuhura yote: ute, kivuli, kuzoeana. Kaka naye akapiga simu, anauliza kama inzi bado yupo. Nikamwambia yupo. Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi, maana Mwajuma anaposwa mwezi ujao."

Nikamiminiwa chai. Nikainua kikombe, huyo hapo anaelea, mweusi, ametulia. Zamani ningemwaga chai yote. Safari hii nikasema moyoni, kaka, tumeshaambiwa tuzoeane. Nikanywa.

Akagota kooni.

Nimekohoa mpaka jirani kaja na maji. Mama Zuhura amekaa palepale, mikono mapajani. Nikamuuliza kwa sauti iliyobaki, hukumwona?

"Nilimwona. Nikajua ndiye yule wako."