Match ya Marekani na daktari anayetoka kwetu

Februari moja, siku chache kabla orodha hazijafungwa, daktari kijana niliyewahi kumsimamia wodini alinijia nyumbani na daftari mkononi. "Shikamoo dokta, naomba unisaidie kupanga." Alikuwa amefanyiwa usaili mara sita kwa video, akiwa chumbani kwake Dar es Salaam, akitafuta nafasi ya kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani Marekani. Majina ya hospitali sita yalikuwa yameandikwa kwa penseli, na ufutio ulishapita hapo mara nyingi hadi karatasi ikaanza kuchanika. Ya kwanza ilikuwa hospitali ndogo ambako, kwa maneno yake, "walinichangamkia." Aliyoitaka kwa moyo wote ilikuwa ya nne. Nikamuuliza sababu. "Nikianza na ile kubwa wakanikataa, dokta, hii ndogo si itakuwa imeshajaa?"

Hofu yake anaielewa yeyote aliyewahi kujaza fomu ya kuchagua shule au chuo. Na jibu la swali lake ndilo linalonifanya niutetee mfumo ambao watu kadhaa ninaowaheshimu wanaulaumu.

Mfumo wenyewe unaitwa National Resident Matching Program, NRMP, ila madaktari wote huuita Match tu. Mwombaji hutuma maombi Septemba, husailiwa zaidi kati ya Oktoba na Januari, kisha huzipanga hospitali zilizomsaili kuanzia anayoipenda zaidi. Hospitali nayo huwapanga iliowasaili. Kompyuta inaoanisha orodha hizo, na katika wiki ya tatu ya Machi majibu hutoka: Jumatatu unaambiwa kama umepata, Ijumaa unaambiwa umepata wapi. Ukishaithibitisha orodha yako, umekubali kwenda popote utakapopangiwa kati ya ulipopataja. Hospitali nayo imefungwa na ahadi hiyo hiyo.

Sasa swali la kijana wangu. Kompyuta huanza na chaguo lako la kwanza. Kama hospitali hiyo imekuweka kwenye orodha yake na ina nafasi, au inakupenda kuliko mmoja wa inaowashika, inakushika, lakini kwa muda tu. Akija mwingine iliyempanga juu yako na nafasi zimejaa, unatolewa, unarudi kwenye orodha yako na kwenda kubisha hodi kwa chaguo la pili. Ukifika kwa chaguo la tano baada ya kuzunguka kote huko, huwezi kuambiwa umechelewa. Waliomo nao wameshikwa kwa muda. Ikiwa hospitali ilikuweka juu ya mmoja wao, yeye ndiye anayetoka na wewe unaingia. Hakuna nafasi inayofungwa mpaka wote wamemaliza kubisha hodi. Kwa hiyo kuitaja hospitali kubwa kwanza hakukupunguzii chochote kwenye ile ndogo, na kuiweka ndogo juu kwa woga kunaweza kukunyima kubwa ambayo ingekuchukua.

Ilibidi nimchoree kwa vifuniko vya soda mezani ndipo akaamini.

Haki hii ilipiganiwa. Miaka ya 1940 hospitali za Marekani zilikuwa zikigombania wanafunzi hadi kuwapa nafasi miaka miwili kabla hawajamaliza chuo. Mwaka 1945 vyuo vilikubaliana kutotoa taarifa za wanafunzi kabla ya tarehe maalumu, na vurugu ikahamia kwenye muda wa kujibu. Mwaka ule mwanafunzi aliachiwa siku 10 za kufikiri. Kufikia 1949 hata saa 12 zilionekana nyingi mno. Telegramu imefika, jibu linatakiwa sasa hivi, na hospitali uliyoipenda bado haijasema neno. Ulipobuniwa mfumo wa pamoja, kanuni ya kwanza iliyopendekezwa ilikuwa inamwadhibu mwanafunzi aliyetaja kwa ukweli hospitali yenye ushindani, yaani hofu ile ile ya kwenye daftari la penseli. Wanafunzi, wakiongozwa na Hardy Hendren wa Harvard, waliikataa. Kanuni ikabadilishwa, na Match ya kwanza ikafanyika 1952.

Miaka kumi baadaye wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley walichapisha makala iliyoeleza nadharia ya uoanishaji wa namna hii, na mwaka 1984 mchumi Alvin Roth akaonyesha kuwa kanuni ya NRMP ilikuwa inafanya kazi kama yao, ila ikianzia upande wa hospitali. Tangu Match ya 1998 inaanzia upande wa mwombaji. Shapley na Roth walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012. Niseme pia lile ambalo wanaoisifu Match huliruka: Roth na wenzake walipopima athari za badiliko la 1998, waombaji ambao matokeo yao yangekuwa tofauti hawakufika hata mmoja katika elfu. Lilikuwa badiliko la haki, lakini hospitali hazikupoteza karibu chochote.

Na hapo ndipo hoja ya wakosoaji inapoanza kuuma. Match hukupa nafasi moja, bila kukuachia hata dakika ya kujadili mshahara, zamu au likizo. Residenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, wa mwaka wa kwanza analipwa zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka, na anaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 80 kwa wiki, ukomo uliowekwa kitaifa 2003. Gawanya mwenyewe. Mwaka 2002 daktari Paul Jung na wenzake walifungua kesi wakidai kuwa mfumo huu ni njama ya waajiri ya kuzuia ushindani. Kabla kesi haijafika mbali, mwaka 2004 Bunge la Marekani lilipachika kifungu ndani ya sheria ya mifuko ya pensheni kinachoikinga Match dhidi ya madai ya aina hiyo, na kesi ikafa. Kwangu hilo ni doa. Mfumo unaojiamini ulipaswa kujibu mahakamani.

Hata hivyo, sikubali kwamba dawa ni kuuvunja, kwa sababu tunajua kinachotokea ukivunjika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Match ya wanaosomea ubingwa bobezi wa mfumo wa chakula ilisambaratika, na haikurudi mpaka 2006. Katika miaka ile hospitali zilirudia tabia ya zamani: ofa za mapema, muda mfupi wa kujibu. Mchumi Muriel Niederle na Roth waliichunguza hali hiyo wakakuta jambo ambalo kila daktari wa kwetu anayewaza kwenda huko anapaswa kulijua: bila Match, hospitali zilizidi kuchukua watu wao wa ndani, waliowafundisha wenyewe. Walilinganisha pia mishahara ya fani zenye Match na zisizo nayo, na hawakuona kuwa zisizo nayo zinalipa zaidi. Mkuu wa idara akiachiwa achague haraka, atamchukua anayemjua, na sisi hakuna anayetujua.

Tuliwahi kuonjeshwa hali hiyo. Hadi 2013 hospitali ziliweza kusaini mikataba na madaktari waliosoma nje ya Marekani kabla ya Match. Wapo waliofurahia, maana waliingia Machi wakiwa na uhakika. Lakini ulikuwa uhakika wa kutishwa: saini leo au nafasi inakwenda kwa mwingine. Tangu mwaka huo hospitali inayoingia kwenye Match inapaswa kuingiza nafasi zake zote. Nadhani huo ndio ulinzi mkubwa zaidi mgeni aliowahi kupewa katika mfumo huu.

Ila kompyuta huoanisha walioitwa kwenye usaili tu.

Katika Match ya 2025 zilitolewa nafasi 43,237. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo vya Marekani vinavyotoa shahada ya MD walipata kwa asilimia 93.5. Wasio raia wa Marekani waliosoma nje walipata kwa asilimia 58.0. Usiisome 58 kama bahati ya mtu wa kwetu anayeanza safari, kwa kuwa inahesabu waliofika kuwasilisha orodha. Aliyelipa, akatuma maombi, akakaa miezi mitano akifungua barua pepe bila mwaliko hata mmoja, kwa kawaida hana cha kuwasilisha, na hayumo kwenye asilimia hiyo.

Mwaliko unakwamia wapi? Kwenye vichujio. Hospitali inapokea maelfu ya maombi, hivyo inamwambia mwenye kompyuta: ondoa waliomaliza chuo zaidi ya miaka mitano iliyopita, ondoa wanaohitaji viza, ondoa wasiowahi kukaa hospitali ya Marekani. Zamani alama ya Step 1, hatua ya kwanza ya mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani, ilikuwa ndiyo pasipoti ya asiyejulikana. Tangu 26 Januari 2022 mtihani huo unatoa jibu la kufaulu au kufeli tu. Walioifuta alama wana hoja nzuri: mtihani uliotungwa kwa ajili ya leseni ulikuwa umegeuzwa mizani ya thamani ya mtu, na wanafunzi walikuwa wanaumia. Nakubaliana nao kuhusu mwanafunzi wa Boston. Kwa aliyesoma chuo ambacho msaili hawezi kulitamka jina lake, ile alama ilikuwa ushahidi usiohitaji kujulikana na mtu. Sasa uzito wote umehamia Step 2, hatua inayofuata, na mgeni akiteleza hapo hana pengine pa kujionyesha.

Kisha pesa. Katika msimu wa 2025 kila ombi kati ya 30 ya kwanza lilikuwa dola 11, na kila lililozidi hapo dola 30. Wengi wa kwetu hutuma 100, kwa kuwa hawajui nani atawachuja. Hiyo ni dola 2,430, karibu shilingi milioni sita za Tanzania, kabla ya gharama za mitihani. Sehemu ya pesa hizo huenda kwa hospitali ambazo hazitoi viza kabisa. Hili ndilo ningelibadilisha kwanza: hospitali isiruhusiwe kupokea ombi la mtu ambaye sera yake ya viza imeshamkataa. Ni kisanduku kimoja tu cha kuweka kwenye fomu.

Usaili wa video, uliozoeleka tangu 2020, umetuondolea tiketi za ndege na hoteli, nami naushukuru. Wapo wanaosema huwezi kuijua hospitali kupitia skrini, na ni kweli, kijana wangu alishindwa kuniambia kama residenti wa pale hucheka wakiwa peke yao. Lakini bila video asingekuwa na sita za kupanga. Saa tatu asubuhi ya New York wakati wa baridi ni saa kumi na moja jioni Dar, na ya California ni saa mbili tu usiku. Alinunua umeme wa wiki nzima mapema, akaweka simu mbili zenye bando za mitandao tofauti, na usaili wa nne aliumalizia kwenye simu baada ya umeme kukatika, uso ukimulikwa na tochi ambayo mdogo wake aliishika kwa dakika ishirini.

Linabaki lile ambalo halijadiliwi sana. Hadi 2025 wengi wa kwetu waliingia kwa J-1, viza ya mafunzo ya muda, na hiyo inahitaji barua kutoka Wizara ya Afya ya nchi yako inayosema kuwa nchi ina uhitaji wa ubingwa unaokwenda kuusomea, na kwamba umeahidi kwa maandishi kurudi. Ukimaliza, unatakiwa ukae nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu kule, isipokuwa upate msamaha, ambao kila jimbo linaweza kuwapa madaktari 30 kwa mwaka kwa sharti la kuhudumu miaka mitatu penye upungufu. Mwaka 2025 mambo yalizidi kukaza: Juni viza za J kwa raia wa Burundi zilisitishwa, na Septemba maombi mapya ya H-1B, viza ya kazi, yakawekewa ada ya dola 100,000.

Wanaosema barua ile ni ahadi tupu wana mifano. Wanaosema daktari hapaswi kufungwa na barua wakati nyumbani, kwenye MMed, shahada yetu ya ubingwa, yeye au mwajiri wake ndiye analipa ada ya kuwa bingwa, nao wana hoja, na sina moyo wa kuwakatalia. Mimi naiona ahadi ile kuwa ahadi. Wagonjwa wanaotajwa kwenye sentensi ile ya uhitaji nimewapokea, wengine wakiwa wamesafiri siku mbili kwa basi.

Kijana wangu alifuta, akaandika upya, ile kubwa ikapanda juu. Ijumaa ile ya Machi, saa moja jioni, alinipigia. Amepata chaguo la pili. Tulipiga kelele kama watoto. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza barua ya wizara anaanzia ofisi gani, na kama na mimi naona ataweza kurudi.

Nilimwelekeza ofisi. Lile la pili nilimwambia tutalizungumza uso kwa uso, aje Jumapili.