Mbona hakukimbia? Kuhusu wanawake waliofungiwa kwenye riwaya, na sisi tunaowasoma

Kila nikimuazima mtu riwaya ya mwanamke aliyefungiwa ndani na mumewe, kitabu kinarudi na swali lile lile, mbona hakukimbia? Wapo wanaouliza kwa hasira, wapo wanaocheka, na wapo ambao hata hawaulizi tena, wameshatoa hukumu yao, "yule dada mjinga, mimi nilimchoka mapema nikawa naruka kurasa tu nijue mwisho". Nimelisikia hilo mara nyingi mpaka nimeona niandike, maana naona tunawaonea wale wanawake wa kwenye karatasi, na tukishazoea kuwaonea wao hatutashindwa kuwaonea walio hai.

Mwezi uliopita tulikuwa watu saba barazani kwa mwenyeji wetu Tabata, Dar es Salaam, chai ya tangawizi na mihogo ya kukaanga, tunajadili Behind Closed Doors ya B.A. Paris, riwaya ya Uingereza iliyotoka 2016. Nakala ilikuwa moja tu, imezunguka mikono yote saba mpaka jalada limeachia. Anayeogopa kuharibiwa utamu aishie hapa. Grace anaolewa na Jack, wakili mtanashati ambaye sifa yake mjini ni kuwatetea wanawake wanaopigwa na waume zao, na kesi hajawahi kushindwa. Kumbe mwenyewe starehe yake ni kuona hofu usoni kwa mtu, na anayemlenga hasa ni Millie, mdogo wake Grace mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili, ambaye akimaliza shule ya bweni atahamia kwao. Grace kaacha kazi kwa ajili ya ndoa, wazazi wake wamehamia New Zealand, anafungiwa chumbani, simu hana, barua pepe yake mume anaisoma. Ila wageni wakija chakula cha usiku anashushwa, kapendeza, anapika, anatabasamu.

Hapo ndipo watu watano kati ya saba walipomkatia tamaa. Hoja yao ilikuwa nyepesi na nakiri ina nguvu, meza imejaa wageni, Jack hawezi kumgusa mbele za watu, sasa si aseme neno moja tu? Aseme "nisaidieni", basi, hadithi imeisha. Mmoja akasema kwa uchungu kabisa, "mimi ningepiga yowe mpaka majirani wa mtaa wa tatu wasikie."

Sasa tuikae hiyo meza vizuri. Riwaya inaanza na hiyo hiyo karamu, halafu sura zinapishana, moja ya sasa, moja ya zamani. Kwa hiyo sisi wasomaji tunamuona Grace akikaa kimya kabla hatujajua kilichomfunga mdomo, na wengi wetu tukifika kwenye sababu tumeshamhukumu na hatutaki kurudi nyuma. Sababu yenyewe iko Thailand, kwenye fungate. Grace alikimbia kule! Watu wanasahau hili na linaniuma. Alitoka, akafika kwa meneja wa hoteli, akasema kila kitu kama mlivyotaka aseme, ila Jack alikuwa ameshatangulia kusema kwamba mke wake ana matatizo ya akili na wasimsikilize akianza. Pasipoti anayo mume. Yule meneja si mtu mbaya, anamrudisha mgonjwa kwa mumewe anayemjali, ndivyo alivyoelewa. Kuanzia siku ile Grace anajua kitu ambacho sisi pale barazani tulikuwa hatujakijua, kwamba neno lake halina thamani, na kila akilisema likakataliwa anazidi kuonekana mgonjwa. Na akikosea hata chakula kikaharibika, adhabu yake ni kutopelekwa kumuona Millie. Millie ndiye rehani. Piga basi hilo yowe, wageni wawili watatu washtuke, Jack aombe radhi kwa sauti ya upole, wageni waondoke wakimhurumia yeye, mlango ufungwe. Halafu?

Niliyasema haya pale, nikajibiwa kwamba hiyo ni riwaya na mwandishi kajipangia mambo yamkae vizuri. Sawa. Tuache riwaya.

Tarehe 2 Machi 1998, Vienna, Austria, mtoto wa miaka 10 anaitwa Natascha Kampusch alitekwa na mwanaume mmoja akielekea shule. Alitoka tarehe 23 Agosti 2006, ana miaka 18. Ni siku 3,096, na hiyo namba yenyewe ndiyo aliyoifanya jina la kitabu chake. Nimekaa na hiyo namba muda mrefu. Ukisema "miaka minane" inapita masikioni haraka, inakuwa kama kifungo cha mtu yeyote tu, lakini ukisema siku 3,096 unaanza kuziona moja moja, kuamka mara 3,096, kusikiliza hatua za mtu juu mara 3,096 uamue leo ana hasira au hana, akuletee chakula au asilete. Mwanzo alikuwa kwenye chumba cha chini ya gereji, kama mita 5 za mraba, pima kwa hatua zako sebuleni uone. Halafu miaka ya mwisho yule mtu akawa anamtoa, akaenda naye dukani, akaenda naye hata mlimani kuteleza kwenye theluji. Na hapo ndipo ulimwengu ulipomgeukia. Alipotoka alipokelewa na machozi, lakini habari za theluji zilipojulikana maswali yakabadilika. Watu walikuwa wamejaa kule mlimani, mbona hakusema? Mbona hakukimbia? Ni swali lile lile la barazani Tabata, safari hii anaulizwa mtu mwenye damu na nyama ambaye aliingia mle ndani akiwa darasa la nne. Walimtukana hadharani kwa kuwa hakuonekana ameumia namna waliyotaka wao, na kwa kuwa aliposikia yule mtu amejiua siku ile ile alilia.

Na alivyokimbia sasa. Alikuwa bustanini anasafisha gari la yule mtu kwa mashine ya kufyonza vumbi, simu ikaita, kelele za mashine zikamsumbua mwanaume akasogea pembeni asikie vizuri. Basi. Akaiacha mashine inanguruma akakimbia, akaruka uzio, akagonga dirisha la mama mmoja mzee ambaye ndiye aliyepiga simu polisi. Mimi sioni mtu aliyelala siku 3,095 akaamka siku moja. Naona mtu aliyekuwa akipima miaka yote, na siku mlango na kelele na simu vilipokutana miguu yake ilikuwa tayari.

Halafu kuna wale wasomaji waliosoma soma kidogo, hawasemi "mjinga", wanasema "huyu ana ugonjwa wa Stockholm, anampenda mtesaji wake". Hata Natascha alibandikwa hilo jina akalikataa. Jina lenyewe lilitoka kwenye uvamizi wa benki Stockholm, mji mkuu wa Sweden, Agosti 1973, mateka wanne, siku sita. Mmoja wa mateka, Kristin Enmark, aliongea kwa simu na waziri mkuu Olof Palme akiomba aachwe aondoke na majambazi, kwa kuwa aliogopa polisi wakivamia watawaua wote mle ndani. Mtaalamu wa akili aliyekuwa anawasaidia polisi ndiye aliyeupa huo "ugonjwa" jina. Mwanamke kahesabu hatari mbili akachagua iliyo ndogo, sisi tukaita mapenzi.

Nisionekane nawatetea waandishi kwa kila kitu, maana pale barazani kulikuwa na dada mmoja muuguzi ambaye hakumlaumu Grace hata kidogo, aliyemlaumu ni mwandishi, na hoja yake imenisumbua mpaka leo. Alisema Jack ni shetani mno. Hapigi, hakosei, hachoki, kila mlango kaufikiria. "Wanaokuja kwetu wodini," akasema, "waume zao siyo Jack. Ni wanaume wa kawaida kabisa, leo kampiga kesho kamletea kuku na kanga doti moja, analia anaomba msamaha mbele ya shemeji zake. Mwanamke akisoma hiki kitabu atasema aah, wangu siyo hivi, wangu ana hasira tu." Kwa kweli hili sina la kulipinga. Mnyama akishakuwa mkubwa hivyo, yule mdogo wa nyumbani anaonekana paka.

Akaongeza na la pili, kwamba mateso yale yanatupa raha. Tunafungua ukurasa haraka haraka, moyo unadunda, tunaita kitabu kitamu. Kitamu nini sasa, mtu kafungiwa? Hapo mimi naachana naye kidogo. Nadhani ule moyo kudunda ndio unaotufikisha mahali ambapo semina haitufikishi, ila namwelewa kwa nini yeye, anayeshona wanawake usiku, hawezi kukisoma bila kukasirika.

La tatu ni mwisho wa hizi riwaya, mara nyingi mwanamke anapona kwa mwanaume kufa, kwa akili ya mke na bahati nyingi. Maisha hayaendi hivyo. Uingereza yenyewe kuna Sally Challen, alimuua mumewe kwa nyundo Agosti 2010 baada ya ndoa ya miongo mitatu ya kudhibitiwa, 2011 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya kukusudia. Februari 2019 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu, na Juni mwaka huo ikakubalika kuwa ni kuua bila kukusudia, akaachiwa kwa kuwa alishakaa ndani muda wa kutosha. Moja ya yaliyobadilika katikati ni kwamba tangu Desemba 2015 sheria ya kule inautambua udhibiti wenyewe kuwa kosa, kumkata mtu na ndugu zake, kumshikia pesa, kumpangia kila hatua, hata kama hujamwekea mkono. Mahakama ilihitaji miaka kuona kitu ambacho riwaya inamwonyesha msomaji kwa usiku mmoja, na ndiyo maana nazipigania hizi riwaya na kasoro zake zote.

Kwetu Tanzania Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme inavyosema. Kenya walikwenda mbele zaidi kwenye sheria yao ya 2015, wakataja mpaka unyanyasaji wa kiuchumi na wa kisaikolojia. Lakini mtaani tunaye nani anayeongea lugha hiyo? Mtaani tunasema ndoa ni uvumilivu, siri ya mtungi aijuaye kata, mambo ya chumbani hayatoki.

Nilipokuwa mdogo nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwepo mama mmoja kijana, mumewe akienda kazini anafunga kwa nje na ufunguo anaweka mfukoni. Sisi watoto tulikuwa tunamnunulia vitumbua, anatupitishia shilingi kwenye nondo za dirisha na sisi tunapitisha vitumbua kwenye karatasi, kimoja kimoja maana karatasi nzima haipiti. Hakuna mtu mzima aliyeuliza. Walisema anampenda sana mkewe, anamlinda. Siku nyingine mume alisahau akaacha wazi, yule mama akatoka mpaka dukani, akasimama kidogo na sisi, akarudi ndani mwenyewe. Mama yangu aliyaona hayo akasema "si unaona, yuko radhi." Miaka imepita nimekutana naye Mbagala, ana kibanda chake cha nguo za watoto, nikamuamkia, nikamuuliza kuhusu ile siku, kwa adabu lakini nikauliza. Akanitazama akasema, "Mdogo wangu, mtoto alikuwa kalala ndani, na nauli sikuwa nayo." Akaendelea kukunja nguo. Alipokuja kuondoka kweli alikuwa ameshaiba nauli kidogo kidogo kwenye chenji za vitumbua, sisi tukiwa ndio tunaomletea chenji, na alichobeba ni mtoto, kanga mbili, na kadi ya kliniki.

Niliisimulia hiyo pale barazani mwishoni, chai imeshapoa. Hawakugeuka wote. Yule wa yowe bado anasema angepiga yowe, na sina sababu ya kutomwamini, kuna watu wana sauti hiyo na wana kwao pa kurudi. Muuguzi bado anataka kitabu chenye mume wa kawaida. Tulichokubaliana ni kwamba wanaotaka wakirudie upya, safari hii sura za zamani kwanza zote, mpaka ziishe, ndipo warudi mezani kwenye ile karamu. Nakala ilikwenda kwa dada aliyekuwa anaruka kurasa. Juzi saa sita usiku kaniandikia, "Nimefika kwa meneja wa hoteli," halafu hakuandika kitu kingine.